Wawili Kwenye Ukungu

Lenzi alisimama mbele ya mlango wa Dada Mkubwa kwa muda ambao mgeni mwenye shughuli zake angekuwa ameshagonga, akafunguliwa, akanywa chai na kuaga. Kwapani alibana picha kubwa iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Begani ilining'inia kamera yake, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, aliiona nzito. Alijua akitoka mle ndani ama atakuwa na mchumba ama hatakuwa naye, na la katikati halipo. Alijikaza kisabuni, akagonga.

Jina la Lenzi alipewa na wenye maduka wa barabara ile ndefu aliyozoea kuizunguka na kamera. Walimwita hivyo kwa sababu ya lenzi yake moja, fupi na nene, yenye jicho kubwa la kioo. Haikuwa lenzi ya kuvuta watu wa mbali. Ukitaka sura ya mtu sharti umsogelee kwa miguu yako mwenyewe. Lakini ukilifungua tundu lake mpaka mwisho, na Lenzi hakuwahi kulifungua pungufu ya hapo, iliingiza mwanga hata kwenye vichochoro visivyofikiwa na jua, na ilichagua kitu kimoja tu cha kukionyesha. Kope za mtu zikitoka wazi, masikio yake yameshaanza kufifia, na walio nyuma yake, mabango, baiskeli na wapita njia, wote wanayeyuka kuwa ukungu laini wa rangi.

Aliwapiga watu bila wao kujijua, wakicheka, wakipiga miayo, wakijikuna kichwa, kwa kuwa mtu akishajua anapigwa picha anavaa uso wa kuazima. Ila akishapiga alimfuata mhusika, akamwonyesha, akamwomba ruhusa. Mtu akikataa, anafuta papo hapo na samahani juu. Kwa adabu hiyo alipendwa mtaa mzima, naye akajiona mikono yake ni safi.

Fundi miwani wa barabara hiyo alinaswa hivyo hivyo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, anafuta kioo cha miwani kwa pindo la shati huku akitabasamu peke yake. Lenzi akasogea, akapiga, akapiga tena, kisha akamfuata na kumwonyesha ile ya kwanza.

"Nzuri sana," fundi alisema. "Tatizo lake ni moja. Wateja wangu wote nawakataza kufuta miwani kwa shati."

"Nifute?"

"Usifute. Ila ukimwonyesha mteja wangu yeyote, mimi na wewe hatujuani."

Wiki haikuisha wakawa wanajuana sana. Yeye aliishi kwa kukata vioo ili watu waone kila kitu, Lenzi aliishi kwa kioo kilichowafanya watu waone kitu kimoja, na juu ya hilo walibishana kila jioni mpaka ubishi ukawa kisingizio cha kukaa pamoja. Walipoanza kusemezana habari za kuoana, Lenzi aliichapisha picha ile kwa ukubwa, akaitia fremu, akampa zawadi. Fundi akasahau katazo lake mwenyewe, akaitundika dukani, ukutani, mbele ya kiti cha wateja wanaopimwa macho.

Balaa lilianzia kwenye kiti hicho. Jirani mmoja, mama wa makamo ambaye mdomo wake hauna breki, alikuja kujaribu miwani mpya.

"Eh, hii miwani ni kiboko," alisema, akikaza macho ukutani. "Sasa naona kila kitu. Naona mpaka yule aliye nyuma yako pichani. Si dada yako yule?"

"Mama, ule ni ukungu tu," fundi alicheka. "Hakuna miwani ya kuona ndani ya ukungu."

"Dada Mkubwa na mwavuli wake wa njano, nisimjue? Ninayemtafuta ni huyo aliyemshika mkono. Aproni nyeupe mpaka magotini. Huyo si mwoka mikate?"

Fundi aligeuka kutazama, na kicheko kikamwishia mdomoni. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliyewaambia watu wote kwamba habari za wanaume yeye hazimhusu, alikuwa pale pichani nyuma ya bega lake, amekuwa doa la njano lililoshikana mkono na doa jeupe. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walisogea ili nao waone. Kufika jioni mtama ulikuwa umeshamwagika mtaa mzima.

Dada Mkubwa hakuwa amempenda Lenzi tangu mwanzo, na sasa alipata sababu. Alisema yule mwanamke wa kamera asitie mguu nyumbani kwake. Fundi alimfuata Lenzi, akakaa naye kwenye ngazi za nje ya chumba chake, akamwambia bila kumtazama, "Nakupenda, hilo halijabadilika. Lakini mimi nimelelewa na mtu mmoja tu duniani. Siwezi kukuoa huku yeye amejifungia ndani analia."

Lenzi hakumlaumu. Alimpenda zaidi kwa neno hilo, na ndiyo maana lilimuuma kiasi kile.

Mlango aliougonga ulifunguliwa. Dada Mkubwa alikuwa mshona mapazia, na hapo alikuwa na pini tano sita mdomoni na kitambaa kizito cha bluu kimemlalia begani. Alimtazama mgeni kutoka juu hadi chini, akayatuliza macho yake kwenye kamera.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na pini. "Mdogo wangu hayupo."

"Sikuja kwake. Nimekuja kwako."

"Kunipiga nyingine?"

"Kuomba radhi."

Majirani wawili walikuwa wameshaacha kufua ili wasikilize vizuri. Dada Mkubwa aliwaona. "Ingia," alisema. "Ukiendelea kusimama hapo watu watadhani kuna msiba."

Ndani, mapazia yalitawala kila mahali: yaliyokatwa, yaliyopindwa, yaliyosubiri pete zake. Dada Mkubwa alirudi kwenye meza yake, akaendelea kubana upindo kwa pini, moja baada ya nyingine, na kila alipotoa pini mdomoni alipata nafasi ya kusema neno zaidi.

"Mimi ni mtu mzima," alianza. "Nimemlea yule tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mtaa huu walikuwa wananiheshimu. Sasa nikipita dukani wananyamaza, nikishapita wanacheka. Mwoka mikate naye, maskini, anaulizwa kila asubuhi kama mkate wa leo umeumuka kwa mapenzi. Yote haya ni kwa sababu yako."

"Ni kweli, dada."

"Wewe ni mtu wa kupita. Unachukua sura ya mtu, unakwenda zako, unatafuta nyingine. Hata ya mdogo wangu utaichoka. Nilimwambia hivyo kabla ya haya yote."

Neno hilo lilimchoma Lenzi, lakini alijua zamu yake ya kujitetea haijafika. "Nilidhani hamtaonekana," alisema. "Lenzi ile ikiwa wazi vile, walio nyuma wanapotea. Hata mimi niliyepiga sikujua kama ni wewe."

"Hukujua kwa sababu hukunizoea." Dada Mkubwa alitoa pini ya mwisho mdomoni. "Mimi nilivunjika mguu utotoni. Nikisimama naegemea upande, hivi. Mtu aliyekaa na mimi ananijua hata taa ikizimika. Huo ukungu wako, binti, unatuficha kwa wageni tu. Kwa watu wetu tuko uchi."

Lenzi alitazama mapazia yaliyomzunguka. Miaka yote aliyoshika kamera alidhani ukungu ni heshima anayowapa watu wasiomhusu, pazia analowashushia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pazia lile linaonyesha upande wa pili.

"Umesema kweli," alisema hatimaye. "Walio mbele huwaomba ruhusa, kila mmoja. Walio nyuma sijawahi kuwaomba hata siku moja. Nilikuwa najiambia hawamo kwenye picha."

"Tulikuwamo."

"Mlikuwamo. Nisamehe, dada."

Alitia mkono mfukoni, akatoa kadi ndogo ya kamera, akaiweka juu ya kitambaa cha bluu karibu na mkasi. "Picha zote za siku ile zimo humu. Sina nakala nyingine ila hii niliyobeba. Ile ya dukani mdogo wako ameshaishusha. Ukitaka kuivunja kadi hii, ivunje, sitasema neno. Ila kabla hujaivunja kuna moja ningependa uione. Hakuna mwingine aliyeiona."

Dada Mkubwa alitaka kukataa, alionekana kabisa akitaka. Lakini jicho halina adabu, na Lenzi alikuwa ameshaanza kuifungua ile karatasi ya kaki.

Mbele kabisa ya picha, mahali alipopaswa kuwa fundi miwani, palikuwa na ukungu: rangi ya shati, mng'ao wa kioo, basi. Nyuma ya ukungu huo, wazi kiasi cha kuhesabika mikunjo ya macho, alisimama Dada Mkubwa chini ya mwavuli wa njano. Kichwa amekirudisha nyuma, anacheka kicheko kizima, kile ambacho mtu hakiandai wala hakizuii. Mwoka mikate ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Ana unga kwenye nyusi. Wala hacheki yeye. Anamtazama anavyocheka, kwa macho ya mtu aliyepewa kitu ambacho hakuthubutu kukiomba.

Nje mmoja wa wafuaji alikohoa kwa makusudi, asipate jibu.

"Huyu ni mimi?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Ni wewe."

Alijigusa shavu lake taratibu, kisha akagusa shavu la yule wa pichani. "Kioo changu hakijawahi kunionyesha mtu huyu," alisema. Akavuta kiti, akakaa. "Unajua alikuwa ananiambia nini? Aliniambia ameunguza mikate yote ya asubuhi. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema alikuwa anafikiria namna ya kunisalimia. Mtu mzima yule, na mvi zake. Nikacheka mpaka nikasahau niko barabarani."

"Nashukuru sikuifuta," Lenzi alisema.

Dada Mkubwa alifuta macho kwa ncha ya pazia la mteja. Alipogundua anachofanya aliliachia haraka. "Mimi ndiye wa kushukuru. Nimekuita mwizi wa sura tangu juzi, kumbe sura yangu mwenyewe umenitunzia wewe." Aliisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua kwa jicho la mtu aliyezoea kutafuta upindo uliokwenda kombo. "Ila kuna kitu sielewi. Uliyekuwa unampiga ni mdogo wangu. Ndiye aliye mbele. Mbona yeye kawa moshi na sisi tumetoka?"

"Ni kosa langu."

"Kosa gani?"

Lenzi alihisi joto likimpanda shingoni. "Lenzi ikifunguliwa vile, mahali pa kulenga panakuwa pembamba sana. Kuna alama ndogo ndani ya kamera, unaiweka kwenye jicho la mtu. Mkono ukitikisika kidogo tu, alama inateleza, inapita begani mwake, kamera inawashika walio nyuma. Mara ya kwanza nilimpata. Mara ya pili mkono ulitikisika."

"Wewe utikisike? Na kazi hii unaifanya kila siku?"

"Sijawahi kabla ya hapo."

"Ulisukumwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

Lenzi alitazama sakafu, vipande vya uzi wa bluu vilivyotapakaa pale. Alikuwa amejiandaa kwa kila swali njiani isipokuwa hilo. "Aliinua macho, akanitazama," alisema.

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alinitazama tu. Dada, mimi nimetazamwa na watu wengi barabarani, wengine kwa hasira, wengine na matusi juu, na mkono wangu ni mtulivu. Yeye alinitazama na nikaikosa picha ya mtu aliye mita moja tu mbele yangu. Nilipofika nyumbani nikajua sitaki kutazamwa na mwingine. Ukisema hapana nitaheshimu, kwa sababu najua wewe ni nani kwake. Lakini usiseme nitamchoka. Hilo si kweli."

Dada Mkubwa alimtazama binti yule, na kwa mara ya kwanza hakuitazama kamera. Kisha akasogeza rundo la mapazia kutoka kwenye kiti cha pili, akalitupa chini bila kujali mikunjo, akamwashiria akae.

"Nikuambie jambo ambalo hata mdogo wangu sijamwambia," alisema. "Mama alipofariki niliapa sitaolewa mpaka nimwone yule ana mwenzake. Watu wakanisifu. Na sifa, binti, ni tamu, unaweza kuishi kwa sifa hizo miaka mingi. Mwoka mikate akiniomba namwambia, subiri kwanza mdogo wangu aoe. Akiniomba tena, namwambia subiri. Nikawa nimekaa salama salimini. Halafu ukaja wewe." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamatwa. "Nilikuchukia kabla sijakujua, kwa sababu ukiingia wewe, mimi sina tena la kumwambia yule mzee wa watu."

"Unaogopa nini kwake?"

"Kwake siogopi kitu. Naogopa kufurahi mbele za watu. Sijazoea."

Lenzi alimshika mkono. Haikuwa desturi yake kuwashika watu, kazi yake ilimfundisha kusimama hatua moja nyuma, lakini mkono ulikwenda wenyewe, na Dada Mkubwa akauacha ukae pale.

Ndipo mlango uliposukumwa akaingia fundi miwani. Alimwona Lenzi, akasimama. Macho yao yalikutana juu ya rundo la mapazia, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kuyaondoa. Kifua cha shati lake kilikuwa kimejaa unga, alama mbili za mikono zilionekana wazi mabegani.

"Unatoka wapi?" dada yake aliuliza, ingawa unga ulikuwa umeshajibu.

"Kwa mwoka mikate."

Dada Mkubwa alisimama. "Umemfanya nini?"

"Nilikwenda kumgombeza. Nilijipanga njia nzima. Nilipofika nikamkuta anakanda unga huku amekonda kwa mawazo, maneno yote yakanipotea. Nikamuuliza, kwa nini dada ananificha? Akaniambia, 'Anaogopa utadhani amekuacha.'" Alimsogelea dada yake. "Dada, umenivalisha, umenisomesha, umenipigania. Mimi ndiye niliyekufanya uufiche mkono wako chini ya mwavuli? Nilimshukuru yule mzee. Nilimwambia asante kwa kumpenda dada yangu nilipokuwa sioni. Fundi miwani mzima, na nilikuwa sioni."

Dada Mkubwa alimvuta mdogo wake kifuani na unga wake wote, na pazia la bluu likapata alama nyeupe ambazo mteja angekuja kuzilalamikia.

Walipoachana, fundi aliiona picha dirishani. Aliisogelea. Alimtazama dada yake kwenye picha kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa mshangao, kisha akaanza kujitafuta mwenyewe.

"Mimi niko wapi?"

"Wewe ni huo moshi," dada yake alisema. "Mwenye kamera alitikisika. Muulize kwa nini."

Fundi aligeuka. Lenzi alitamani sakafu ipasuke, lakini alikuwa ameshalisema mara moja na ameona kwamba halikumuua. "Ulinitazama," alimwambia.

Masikio ya fundi miwani yalibadilika rangi. "Siku ile ulipoondoka," alisema polepole, "nilimpa mzee mmoja miwani ya mtu mwingine. Alikwenda nayo hadi nyumbani. Alirudi kesho yake kunieleza kwamba mke wake amekuwa mnene ghafla."

Dada Mkubwa alicheka. Alianza kwa kujizuia, kisha kicheko kikamshinda, kichwa kikarudi nyuma, mwili ukaegemea upande ule wake wa siku zote, na mlango ulikuwa bado wazi na majirani wanamtazama. Hakuufunga. Mkono wa Lenzi ulikuwa umeshaishika kamera kabla hajafikiri. Alimwona fundi mbele yake, macho kwake, na dada yake nyuma. Akaishusha.

"Naomba ruhusa, dada," alisema.

"Wifi," Dada Mkubwa alimsahihisha, bado anafuta machozi ya kicheko. "Niite wifi. Piga."

Lenzi aliinua kamera. Mkono ulitikisika, naye akapiga hivyo hivyo.